Babu Alipigania Dini ya Nani?

Jumapili moja ya Novemba, katika kanisa letu huko Bungoma, mhubiri mgeni aliwaomba wazee waliowahi kutumikia jeshi wasimame. Walisimama watatu. Wawili walistaafu juzijuzi tu, na wa tatu aliinuka polepole kwa mkongojo, kofia mkononi. Mhubiri akawageukia, akasema kwamba sisi tuliokaa pale, tukiimba bila kuogopa mtu, tulikuwa tunakula jasho lao. Bila askari, alisema, hakuna uhuru wa kuabudu. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Senge yangu, yaani dada ya baba, alikuwa amekaa kando yangu. Yeye hakupiga. Aliweka mikono juu ya mkoba wake akatazama mbele. Tulipotoka nje nikamuuliza kama kuna jambo lililomuudhi.

"Hakuna," alisema. "Wale wazee wanastahili shukrani. Lakini baba yangu pia alikuwa askari. Alifika mpaka Burma. Sasa niambie wewe uliyesoma: babu yako alipigania dini ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilitania kidogo, tukacheka, tukaenda kunywa chai. Lakini swali lile lilinifuata hadi Nairobi, na tangu hapo nimekuwa nikilitafutia jibu.

Kwanza niseme jambo kuhusu kanisa lenyewe. Sisi ni Marafiki, watu wanaojulikana duniani kama Quaker. Wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ina waumini wengi wa dhehebu hili kuliko nchi nyingine yoyote. Marafiki ni watu wa amani kwa asili. Mwaka 1660 wazee wao walimwambia mfalme wa Uingereza waziwazi kwamba hawatashika silaha, iwe kwa sababu ya dini au ya dunia. Kwa hiyo kumshukuru askari mimbarini kwetu si jambo jepesi. Na babu yangu, aliyebatizwa na Marafiki hao akiwa kijana, aliingia Keya mwaka 1942.

Keya ndivyo watu wetu walivyoiita King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililoundwa mwaka 1902 kwa askari wa Kiafrika. Namna babu alivyoingia, familia yetu ina hadithi mbili. Ya kwanza inasema alijitolea, kwa sababu mshahara ulikuwa mzuri na sare ilipendeza. Ya pili inasema chifu alitakiwa kutoa vijana, na kwa kuwa babu hakuwa na mtu wa kumtetea, jina lake likatangulia. Ukimuuliza senge atakwambia zote mbili ni za kweli. Vyovyote iwavyo, alikuwa mmoja wa Waafrika wapatao 98,000 kutoka Kenya walioingia katika vita vile.

Waliambiwa wanapigania nini? Hapa tarehe zina maana. Tarehe 1 Januari 1942, nchi 26, Uingereza ikiwamo, zilitia sahihi tamko la pamoja dhidi ya Ujerumani, Italia na Japani. Katika maneno machache ya tamko hilo, sababu za kupigana zilitajwa: uhai, uhuru, na uhuru wa dini. Mwaka mmoja kabla yake, Rais Roosevelt wa Marekani alikuwa ametaja haki ya kila mtu kumwabudu Mungu kwa njia yake mwenyewe, popote duniani, kama moja ya nguzo nne za ulimwengu aliotaka kuuona. Popote duniani. Naye Churchill alikuwa ameshalieleza bunge lake, mnamo Septemba 1941, kwamba zile ahadi za kujitawala walizoziandika yeye na Roosevelt zilihusu hasa mataifa ya Ulaya yaliyokuwa chini ya Wanazi. Yaani kabla babu hajavaa buti, tayari ahadi ilikuwa na mipaka ambayo hakuna aliyemwonyesha.

Babu alipelekwa Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka, kisha Burma, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyokuwa na kichwa cha kifaru begani. Kuanzia Agosti 1944, wakati wa masika makali, divisheni hiyo ilisukumana na Wajapani kuteremka Bonde la Kabaw, ambalo wanajeshi walikuwa wamelibatiza Bonde la Kifo. Malaria na matope viliwatesa sawasawa na risasi. Mwezi wa Desemba walikuwa wamefika Kalewa, kwenye mto Chindwin, ambako wahandisi walitandaza daraja linaloelea lenye urefu wa futi 1,154. Babu alilivuka. Daraja hilo ndilo alilopenda kusimulia, si mapigano. Alisema liliyumba kama mlevi, na kila mtu juu yake alikuwa akiomba, mmoja akimtaja Yesu, mwingine Allah, mwingine akiwaita babu zake kwa majina, na sajini Mzungu hakumnyamazisha yeyote.

Kuna jingine alilosimulia. Walipita vijiji vilivyokuwa na mahekalu ya Kibudha, minara myeupe yenye ncha, mingine imebomolewa na mabomu. Aliona watu waliopoteza kila kitu wakivua viatu kabla ya kuingia kwenye magofu yale. Aliona watawa wamenyoa vichwa, wamevaa nguo za rangi ya machungwa, wakipewa chakula na watu wasio na chakula. Ofisa wao Mwingereza akawaamuru askari wasiguse kitu pale ndani, kwa maana ni mahali patakatifu. Babu alisema usiku ule hakulala. Nyumbani, wamisionari walikuwa wamemfundisha kwamba kibanda ambamo baba yake aliwakumbuka wazee waliokufa ni nyumba ya shetani. Hapa kulikuwa na watu wasiomjua Kristo, na Mzungu yuleyule anavua kofia. "Kumbe," alikuwa akisema, "mahali patakatifu panaweza kuwa pa mtu mwingine."

Wengine hawakufika hata huko. Mnamo Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo, imebeba watu zaidi ya 1,500. Wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani. Ilizama kwa muda usiofika dakika tatu, na watu 1,297 wakafa. Majina ya askari waliopotea mle yameandikwa katika makaburi ya vita kwenye Barabara ya Ngong, Nairobi. Nilienda kuyasoma. Kuna majina ya msikitini, kuna ya ubatizo, na kuna yale ambayo mtu alipewa na bibi yake tu na yakamtosha. Yote yako kwenye ukuta mmoja, kwa herufi za ukubwa mmoja. Nilisimama pale nikawaza kwamba kama kuna picha ya uhuru wa dini, pengine ni hii, ila imetengenezwa na maji ya bahari.

Hao wana bahati, kwa sababu waliandikwa. Ukitembea Kenyatta Avenue utaiona ile sanamu ya watu watatu wa shaba, iliyowekwa mwaka 1928 kwa ajili ya askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanawaahidi kwamba hata wakifa wana wao watayakumbuka majina yao. Zunguka sanamu yote. Hakuna jina hata moja. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, hasa kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Babu alirudi mwaka 1946. Alirudi na blanketi, nyota ya shaba yenye pembe sita waliyopewa waliopigana Burma, na malipo ya kuagwa ambayo, kama ilivyokuwa desturi ya jeshi lile, yalifuata rangi ya ngozi pamoja na cheo. Wazungu waliorudi kutoka vita hivyohivyo walipewa mashamba ya kuanzia maisha, mengine katika Trans Nzoia, hapo tu ng'ambo. Babu alirudi kwenye ekari za baba yake. Akajenga nyumba. Na nyuma ya nyumba, ingawa alikuwa Rafiki aliyebatizwa, akajenga kibanda kidogo cha wazee, kile sisi Wabukusu tunakiita namwima.

Hakujua, au labda alijua, kwamba alikuwa amechagua wakati mbaya.

Kwetu Kimilili kulikuwa na mtu aitwaye Elijah Masinde. Ujanani alikuwa mchezaji kandanda hodari, aliyeichezea Kenya dhidi ya Uganda. Naye alitoka katika kanisa la Marafiki, akaanzisha Dini ya Msambwa, dini iliyowarudisha watu kwa Wele na kwa wazee wao, na iliyowaambia Wazungu waende kwao. Wakati wa vita alipinga watu kuchukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi. Mwaka 1945 serikali ilimpeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, na hakutoka mpaka 1947. Septemba mwaka huo akaongoza umati mkubwa hadi ngome ya Chetambe, juu ya Webuye, kuwaombea Wabukusu waliouawa pale mwaka 1895 na jeshi la Waingereza. Februari 1948 polisi walifyatulia umati risasi Malakisi, watu 11 wakafa. Masinde akakamatwa, akahamishiwa mbali na kwao, na Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku.

Hesabu miaka, ndugu msomaji. Kutoka tamko la uhuru wa dini hadi marufuku ya Dini ya Msambwa ni miaka sita tu.

Baada ya Malakisi, kila namwima ilitiliwa shaka. Siku moja chifu alikuja na polisi wawili, na mmoja wao alikuwa mtu wa Keya. Aliiona ile nyota ya babu imening'inia ndani ya nyumba, akamsalimia kwa Kiswahili cha jeshini, wakaulizana kuhusu vikosi. Kisha akamvuta kando akamwambia kwa sauti ya chini: "Bomoa mwenyewe, ndugu, nisije nikaandika jina lako." Babu alibomoa. Senge alikuwa mtoto wa miaka miwili. Hakumbuki, lakini mama yake alimsimulia kwamba babu alizing'oa nguzo moja moja, bila kusema, na yule polisi akamsaidia kubeba nyasi.

Nimekifikiria sana kisa hiki. Ni rahisi kusema askari ni mlinzi, au askari ni mwonevu. Hapa walikuwa wawili, wametoka vita kimoja, mmoja anabomoa mahali pake pa ibada na mwingine ametumwa kusimamia. Ukirudi nyuma zaidi, miongoni mwa askari waliopigana Chetambe mwaka 1895 walikuwamo Wasudani, Waislamu ambao vizazi vyao ndio Wanubi wa Kibera. Wanubi waliitumikia Keya vizazi kwa vizazi na wakatengewa ardhi pale Kibera, ekari 4,000 na zaidi, mwaka 1918. Hati ya kumiliki waliipata mwaka 2017, ya ekari 288. Basi hata yule aliyeshika bunduki upande wa serikali hakulipwa alichoahidiwa. Shukrani ya dola kwa askari wake ina historia ndefu ya kusahau.

Lakini hadithi haiishii kwa kubomoa. Kuna waliorudi kutoka vitani na wakaikataa ile mipaka ya ahadi.

Bildad Kaggia ni mmoja. Alikuwa karani aliyesomeshwa na wamisionari wa Kianglikana, akaingia jeshini mwaka 1940, akapelekwa Mashariki ya Kati na baadaye Uingereza. Akafika Yerusalemu, mji aliousoma tangu utoto, na imani aliyokuwa ameipokea mikononi mwa wamisionari ikaanza kutikisika. Aliporudi Kenya mwaka 1946 hakurudi kwenye kanisa lake. Alianza kuhubiri Ukristo usio na bwana wa kizungu, usiodai kwamba mila za Ulaya ndizo njia ya mbinguni. Watu wakauita Dini ya Kaggia. Wakubwa wa serikali na wa makanisa hawakufurahi. Kutoka mimbari hiyo akaingia vyama vya wafanyakazi, kisha siasa, na usiku wa Oktoba 20, 1952 akakamatwa pamoja na Jomo Kenyatta. Alikuwa mmoja wa wale sita wa Kapenguria, na Aprili 1953 akahukumiwa miaka saba ya kazi ngumu.

Waruhiu Itote, ambaye msituni aliitwa Jenerali China, naye alikuwa askari wa Burma. Ameeleza jinsi alivyozungumza na askari Mweusi wa Marekani kule Calcutta kuhusu uhuru, na jinsi mazungumzo yale yalivyomfungua macho. Sisemi kwamba wote waliorudi walikuwa Kaggia au Itote. Wengi walikuwa kama babu: walirudi na swali, wakalibeba kimya. Lakini swali lenyewe walilipata katika sare ya mfalme, na hakuna aliyeweza kuwanyang'anya mlangoni pamoja na bunduki.

Natamani ningeandika hapa kwamba uhuru ulipokuja mwaka 1963 mambo yalinyooka. Masinde alikuwa ameachiliwa mwaka 1961. Mwaka 1968 serikali yetu wenyewe, chini ya mfungwa mwenzake Kaggia, iliipiga Dini ya Msambwa marufuku kwa mara ya pili. Masinde alirudi gerezani, na alikufa mwaka 1987 akiwa bado mtu wa kutiliwa shaka. Leo Katiba ya 2010 inasema kwa maneno mapana, katika kifungu cha 32, kwamba kila mtu ana uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni, na ana haki ya kuionyesha imani hiyo hadharani, peke yake au pamoja na wengine.

Sikatai kwamba uhuru huo unahitaji mlinzi. Baada ya Garissa, Aprili 2015, ambapo wauaji waliwatenga Wakristo na Waislamu na watu 148 wakafa, tulizoea kuona polisi wenye bunduki kwenye milango ya makanisa. Tuliingia kuimba, wao wakabaki juani. Mtu asiyeshukuru kwa hilo ana moyo mgumu. Lakini mwaka huohuo, Desemba, basi lilivamiwa likielekea Mandera, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo. Wanawake wakawapa wenzao mitandio wajifunike. Mwalimu mmoja Mwislamu alipigwa risasi, akafa wiki chache baadaye. Hakuwa na silaha. Babu yangu angemwelewa, na wale wazee wa 1660 pia.

Kwa hiyo nilirudi Bungoma na jibu, ingawa si jibu safi. Nilimwambia senge kwamba babu alipigania dini za watu wengine: ya Wabudha wa Burma waliorudi kwenye minara yao iliyobomoka, ya Wazungu ambao makanisa yao hayakuwahi kuhitaji ruhusa ya chifu. Ya kwake hakupewa. Lakini alirudi anajua kwamba mahali patakatifu panaweza kuwa pa mtu mwingine, na akawalea watoto wake hivyo. Senge ameolewa na Mkatoliki. Mjomba wangu mmoja alisilimu, na babu ndiye aliyechinja mbuzi wa sherehe, akamwita jirani Mwislamu ashike kisu ili mwanawe aweze kula. Huo uhuru hatukuletewa na serikali yoyote. Ulitoka Bonde la Kabaw, umebebwa na mtu mmoja kwa miguu.

Nikamwambia pia ninachofikiri kuhusu shukrani. Kumpigia askari mstaafu makofi ni jambo jema, na yule mzee wa mkongojo alistahili kila kofi. Lakini kama tunasema alilinda uhuru wa kuabudu, basi deni tunalilipa kwa namna tunavyomtendea jirani ambaye maombi yake yanatukera. Bado kuna watu kwetu wanaosema namwima ni ushetani, na wanasema hivyo katika kanisa lililo huru kwa jasho la waliokuwa nazo.

Senge alisikiliza mpaka mwisho. Akaenda chumbani, akarudi na kopo la majani ya chai la zamani, akatoa ile nyota. Utepe umechakaa, lakini ule mstari mwekundu wa katikati bado unaonekana. Akaishika muda mrefu.

"Novemba ikifika," alisema, "mhubiri akisema wasimame, wewe simama kwa ajili yake. Nitapiga makofi. Lakini kwanza uwaambie kuhusu Malakisi."

Nimemkubalia.